Maswali ya Wasomaji: Mbona mtandao wangu umebadilika sura nilipochukua sampuli?

Tangu tuanze kuandika hapa habari za mitandao changamano barua zimemiminika, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: nimepima kipande cha mtandao, namba imetoka, sasa hiyo namba ni ya mtandao wenyewe au ni ya kipande changu? Nimefurahi sana, maana hili swali watu wengi hawajiulizi kabisa, wanapima na kutangaza siku hiyo hiyo. Kwa ambaye ndo anaingia leo: nodi ni kitu chochote kilichoko kwenye mtandao, iwe mtu, ruta au protini, kiungo ni uhusiano kati ya nodi mbili, na digrii ya nodi ni idadi ya viungo ilivyo navyo. Hayo matatu yanatosha kutufikisha mbali.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma uzamili. Niliandika programu inayoanzia kwenye akaunti yangu ya mtandao wa kijamii, inachukua marafiki zangu wote, halafu marafiki wa marafiki, hivyo hivyo mpaka ikafika akaunti elfu ishirini nikaisimamisha. Wastani wa marafiki kwa kila mtu umetoka zaidi ya mara tatu ya ule alioupata mwenzangu aliyechagua akaunti kwa bahati nasibu. Nimeikagua programu mstari kwa mstari sioni kosa. Tatizo liko wapi?

Jibu: Marahaba. Programu yako iache ilivyo, haina kosa, inafanya kile ulichoiambia ifanye. Tatizo liko kwenye mlango ambao watu wanaingilia kwenye sampuli yako. Mtu mwenye marafiki elfu moja ana milango elfu moja ya kufikiwa, mwenye marafiki watatu ana milango mitatu tu, kwa hiyo ukifuata viungo utawakuta wenye watu wengi mapema na kwa wingi, na wale wapweke utawapita bila kujua kama wapo.

Chukua karatasi uone mwenyewe. Chora nodi moja katikati na nne pembeni, zile nne zote zimeungwa na ya katikati tu. Digrii ni 4, 1, 1, 1, 1. Jumla 8, gawa kwa 5, wastani wa kweli ni 1.6. Sasa weka kidole popote na uanze kutembea, kila hatua unafuata kiungo kimoja. Ukiwa pembeni lazima urudi katikati, ukiwa katikati lazima uende pembeni, yaani nusu ya muda wote kidole kiko kwenye ile nodi moja yenye 4. Ukichukua wastani wa digrii ulizozikuta njiani ni 4 na 1 zikipokezana, unapata 2.5. Mchoro ni ule ule, haujaongezwa hata mstari mmoja, na namba imepanda kutoka 1.6 mpaka 2.5 kwa sababu tu umetembea badala ya kuchagua.

Hii kitu mwanasosholojia Scott Feld aliiandika mwaka 1991, kwamba kwa wastani marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe, na si kwamba una kasoro yoyote, ni hesabu tu. Facebook ilipopimwa mwaka 2011 ikiwa na watumiaji hai milioni 721, mtumiaji wa wastani alikuwa na marafiki 190, nusu ya watu walikuwa na chini ya 100, lakini ukiuliza marafiki zao kwa wastani wana marafiki wangapi unapata 635. Na kuna watafiti wanne, Gjoka, Kurant, Butts na Markopoulou, walifanya karibu kile kile ulichofanya wewe na mwenzako. Mwaka 2009 waliizungukia Facebook kwa njia kadhaa na kuzilinganisha. Kwa kuchagua namba za akaunti kwa bahati nasibu wastani ulikuwa kama 94 (usishangae kutofautiana na ile 190, ni miaka tofauti na namna ya kuhesabu watumiaji ni tofauti), lakini kwa kusambaa tabaka kwa tabaka kama wewe, na pia kwa kutembea ovyo bila kurekebisha, wastani ulizidi 320. Zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo usilie, umekutana na jambo linalojulikana.

Sasa dawa. Ukitembea hatua moja moja, yaani kutoka kila nodi unachagua jirani mmoja tu kwa nasibu unaenda, basi ukishatembea vya kutosha unajua kabisa upendeleo wako ni kiasi gani: nafasi ya kuitembelea nodi inalingana na digrii yake. Na upendeleo unaoujua unaweza kuufuta. Kila nodi uliyoitembelea ipe uzito wa moja kugawa kwa digrii yake. Rudi kwenye karatasi: katika hatua kumi, tano uko kwenye 4 na tano uko kwenye 1, kwa hiyo uzito wote ni 5 mara 0.25 jumlisha 5 mara 1, yaani 6.25. Gawa hatua 10 kwa 6.25. Unapata 1.6, ile ile ya kweli. Mimi nilipoifanya hii hesabu mara ya kwanza kwa kalamu niliirudia mara tatu, sikuamini kama inarudi sawasawa hivyo.

Njia nyingine ni ya Metropolis na Hastings, ambapo marekebisho yanafanyika ukiwa njiani: kabla ya kuhamia kwa jirani unalinganisha digrii, kama ya jirani ni ndogo au sawa na yako unaenda, kama ni kubwa unaenda kwa uwezekano wa digrii yako kugawa kwa yake, ukikataliwa unabaki ulipo na unajihesabu tena. Wale wa Facebook walipata takriban 95 kwa njia hii, karibu kabisa na ile 94.

Ila kusambaa kwa tabaka kama ulivyofanya hakuna uzito mwepesi wa namna hiyo, kwa sababu upendeleo unategemea umesimama wapi na mtandao una umbo gani. Ushauri wangu ni urudie kwa kutembea, anzia sehemu kadhaa zilizo mbalimbali na si kwako tu, tupa hatua za mwanzo, halafu weka uzito. Na kitu kimoja zaidi, lile tabaka la mwisho la watu ambao programu iliwaona lakini haijafungua orodha zao, usiwahesabu digrii kwa viungo ulivyoviona, wataonekana wana rafiki mmoja au wawili kumbe hujawafungua tu.

Swali: Mtandao wangu ni mkubwa haufunguki kwenye kompyuta, nikaamua kuupunguza. Kwanza nilifuta nusu ya nodi kwa nasibu, klasta ikabaki karibu ile ile. Nikarudi kwenye mtandao mzima nikafuta nusu ya viungo, klasta ikashuka nusu. Niamini ipi?

Jibu: Ya kwanza, ila elewa kwa nini, ukishaelewa utaweza kutumia zote mbili.

Klasta inauliza marafiki wawili wa mtu mmoja wana uwezekano gani wa kujuana wao kwa wao. Kwenye mtandao mzima unahesabu V zote, yaani mtu na majirani zake wawili, halafu unaangalia ngapi zimefungwa juu zikawa pembetatu. Sasa fikiria kila nodi imerushiwa sarafu. Ili V ibaki zinatakiwa nodi tatu zote zipone, nusu mara nusu mara nusu, ni 1 kwa 8. Pembetatu nayo ina nodi tatu, 1 kwa 8. Zote zimepungua kwa kiasi kile kile, uwiano haujaguswa. Ukirushia viungo sarafu ni habari nyingine: V ina viungo viwili, inabaki 1 kwa 4, pembetatu ina viungo vitatu, inabaki 1 kwa 8. Pembetatu zimepungua mara nane na V mara nne tu, ndo hiyo nusu yako. Ungebakiza moja ya kumi ya viungo, klasta ingebaki moja ya kumi.

Wakati huo huo wastani wa digrii unashuka nusu kwa njia zote mbili, kwa hiyo ukiangalia digrii peke yake utadhani umefanya kitu kimoja mara mbili. Na kwa kuwa kiwango cha kupungua unakijua, unaweza kurudisha: kwenye ule uliofutwa viungo zidisha pembetatu ulizobakiwa nazo kwa 8 na V kwa 4, unapata makadirio ya mtandao mzima. Wazo hili la kugawa kwa uwezekano wa kuingia kwenye sampuli ni la Horvitz na Thompson, 1952, na mpaka leo ndo msumari unaoshikilia fani hii yote.

Tahadhari mbili tu. Hesabu hii safi ni ya klasta ya jumla, ile ya kupiga wastani wa nodi moja moja haitii hivi kwa sababu nodi nyingi zinabaki na kiungo kimoja au bila chochote. Na usipunguze mno. Ukibakiza asilimia 1 ya nodi, pembetatu inayopona ni moja katika milioni, kwa hiyo mtandao uliokuwa na pembetatu milioni unakuachia kama moja hivi, na kwa pembetatu moja huwezi kusema lolote.

Swali: Nilisoma kwamba Intaneti ina vitovu vichache vyenye viungo vingi mno na nodi nyingi sana zenye vichache, kwa kanuni ya kipeo. Halafu mtu akaniambia hiyo inaweza kuwa imetengenezwa na namna walivyopima. Inawezekanaje kipimo kitengeneze vitovu?

Jibu: Inawezekana, na hii ni moja ya habari zinazonisisimua zaidi kwenye fani hii.

Mwaka 1999 ndugu watatu, Michalis, Petros na Christos Faloutsos, walichapisha kwamba digrii kwenye Intaneti zinafuata kanuni ya kipeo, yaani idadi ya nodi zenye digrii fulani inapungua kwa kipeo kimoja cha digrii hiyo, na mwaka huo huo Barabási na Albert wakatoa maelezo yao ya namna mitandao ya hivyo inavyokua, tajiri wa viungo akizidi kutajirika. Watu wakaanza kuiona kanuni hiyo kila mahali. Sasa ramani za ruta nyingi zilikuwa zinachorwa kwa programu ya traceroute: unakaa kwenye kompyuta chache, unatuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kwenda maelfu ya sehemu, unaandika ruta zilizopitiwa, unaunganisha njia zote unapata ramani. Mwaka 2003 Lakhina, Byers, Crovella na Xie wakafanya jaribio zuri sana. Walichukua mtandao wa nasibu wa kawaida, ule wa Erdős na Rényi ambao hauna vitovu hata kidogo, digrii zote zimejazana karibu na wastani, wakaupima kwa kuiga traceroute kutoka vyanzo vichache. Ramani iliyotoka ilionekana kama ina kanuni ya kipeo! Mwaka 2005 Achlioptas, Clauset, Kempe na Moore wakathibitisha kwa hisabati kwamba hata mtandao ambao kila nodi ina digrii sawa na mwenzake unaweza kutoa sura hiyo ukipimwa kutoka chanzo kimoja.

Sababu yake ukikaa chini unaiona. Umesimama sehemu moja na njia zako zote zinaanzia hapo. Ruta zilizo karibu na wewe zinapitiwa na njia nyingi kwenda kila upande, kwa hiyo viungo vyao karibu vyote unaviona. Ruta iliyo mbali inapitiwa na njia moja, unaona ilipoingilia na ilipotokea, viungo vyake vingine vya ubavuni hakuna njia yako inayovigusa. Basi walio karibu wanaonekana vitovu na walio mbali wanaonekana maskini wa viungo, na wote digrii zao ni sawa. Ni kama kusimama na tochi gizani, cha karibu unakiona chote na cha mbali unaona ukingo.

Haina maana kwamba Intaneti haina vitovu. Ina maana kwamba traceroute kutoka sehemu chache haitoshi peke yake kuwa ushahidi, na tofauti ya hayo mawili naomba uishike vizuri maana watu wanaruka kutoka moja kwenda jingine.

Na kinyume chake nacho kipo. Stumpf, Wiuf na May walionyesha mwaka 2005 kwamba ukichukua nodi kwa nasibu kutoka mtandao wenye kanuni ya kipeo kamili, kipande utakachopata hakifuati tena kanuni ile ile. Hili liliwagusa hasa watu wa protini, kwa sababu ramani za protini gani inagusana na ipi zilikuwa zimepimwa sehemu tu, na watu walikuwa wanatazama kipande na kuuelezea mtandao mzima. Mwaka uliofuata Lee, Kim na Jeong wakalinganisha njia tatu kwa pamoja: kuchagua nodi na kuchagua viungo vilipandisha kipeo, yaani vitovu vikaonekana vichache kuliko vilivyo, na kusambaa kwa mpira wa theluji, yaani tabaka kwa tabaka, kukakishusha, vitovu vikaonekana vingi kuliko vilivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia kipeo ni fulani, kabla ya kitu kingine muulize alikusanyaje.

Swali: Tulifanya utafiti shuleni, kila mwanafunzi ataje marafiki watano. Tumegundua hakuna mwenye marafiki zaidi ya watano, wote wako sawa. Ni kweli wanafunzi wako sawa hivyo?

Jibu: Hapana ndugu yangu, fomu yenu ilikuwa na mistari mitano. Dari mmeliweka nyinyi. Hata ule utafiti mkubwa wa vijana wa shule Marekani, Add Health, ulioanza miaka ya 1994 na 1995, ulimpa kila mwanafunzi nafasi ya kutaja mpaka wavulana watano na wasichana watano, kwa hiyo wanaoutumia wanalijua dari hilo na wanalitaja. Data yenu haijaharibika, geuzeni upande: badala ya kuhesabu mtu ametaja wangapi hesabuni ametajwa na wangapi. Huko hakuna dari, mwanafunzi mmoja anaweza kutajwa na arobaini na mwingine asitajwe na yeyote, na huyo asiyetajwa ningependa sana mtu wa kumsaidia amjue. Angalieni pia waliokosekana siku hiyo, na marafiki walio nje ya shule, maana hao wamekatwa na mpaka mliouchora na si na maisha yao.

Swali: Ile habari kwamba watu wote duniani wametenganishwa na hatua sita, nayo ni sampuli?

Jibu: Ni sampuli, na yenye mashimo. Jaribio la Stanley Milgram, ambapo watu walipewa barua waipitishe kwa mtu wanayemjua mpaka imfikie mlengwa mmoja, lilitangazwa mwaka 1967, na kwenye ripoti ya 1969 aliyoandika na Jeffrey Travers watu wa kuanzia walikuwa 296 na barua zilizomfikia mlengwa ni 64. Zile zilizofika zilipitia kwa wastani watu 5.2 wa kati. Sasa jiulize zile ambazo hazikufika. Kila mkono ambao barua inapitia ni nafasi ya mtu kuisahau mezani, kwa hiyo mnyororo mrefu una nafasi nyingi zaidi za kukatika kuliko mfupi, na ukihesabu zilizofika tu unahesabu zaidi ile mifupi. Yaani umbali ulivutwa chini. Kwa upande mwingine watu wale walikuwa wanakisia njia, hawakuwa na ramani, kwa hiyo njia waliyopata inaweza kuwa ndefu kuliko fupi iliyokuwepo, na hiyo inavuta juu. Makosa mawili yanayovutana, na hakuna aliyeahidi kwamba yanafutana.

Facebook ya 2011 ilipopimwa yote, wastani wa umbali ulikuwa hatua 4.74, yaani chini ya watu wanne wa kati. Hapo hawakuchagua nodi wala viungo, waliuchukua mtandao mzima wakakadiria kwa algorithimu. Lakini mtandao mzima wa Facebook nao si watu wote, kumbuka hilo. Na wewe ukipunguza nodi zako kwa nasibu halafu ukapima umbali, njia fupi zitavunjika na umbali utaonekana mrefu au hautakuwepo kabisa, umbali ni kati ya vitu vya kwanza kuharibika.

Swali: Nipe asilimia tu, sampuli kiasi gani inatosha?

Jibu: Leskovec na Faloutsos, 2006, walijaribu njia nyingi kwenye mitandao halisi na wakaona kwamba zinazotembea, pamoja na ile inayosambaa kama moto wa msituni, zinaweza kushuka mpaka kama asilimia 15 na bado sura nyingi za mtandao zikabaki. Ila hiyo 15 usiibebe kama namba ya kila mahali. Kwa wastani wa digrii unaweza kutosheka na kidogo zaidi, kwa umbali au kwa kutafuta nodi iliyo katikati ya njia nyingi, hata nusu inaweza kukudanganya. Kama mtandao unao wote, chukua sampuli mara ishirini au thelathini kwa ukubwa ule ule, uone namba inayumba kiasi gani na inaegemea upande gani. Kama huna, tengeneza mtandao bandia unaoujua majibu yake, uupime kwa njia yako ile ile, uone kama majibu yanarudi.

Swali: Mwalimu kila siku unasema upendeleo wa sampuli ni tatizo. Hakuna mahali unasaidia?

Jibu: Upo, na ni mzuri sana. Mwaka 2009 wakati wa homa ya H1N1, Nicholas Christakis na James Fowler walifuatilia wanafunzi 744 wa Harvard. Sehemu moja walichaguliwa kwa nasibu, sehemu nyingine ni wale waliotajwa na wenzao kuwa marafiki. Kwa ile hesabu ya karatasi yetu ya nodi tano, waliotajwa wana uwezekano mkubwa wa kuwa katikati ya mtandao, na ugonjwa unafika katikati kwanza. Wimbi la homa kwenye kundi la waliotajwa lilitangulia la wale wa nasibu kwa karibu wiki mbili. Na kupata kundi kama hilo hakuhitaji ramani ya mtandao wala kupima digrii ya mtu yeyote, linatosha swali moja: nitajie rafiki yako.